Wanganga wenye kuingia mu moyo kupitia mushipa: nani anaangalia kazi yao?

Familia ikiambiwa kwamba mugonjwa wao anapashwa kupelekwa inje ya inchi juu ya kufungua mushipa wa moyo, kitu cha kwanza wanatafuta ni pesa. Wengine wanauzisha kiwanja. Ulizo la nani atafanya ile kazi, na nani alihakikisha kama anaijua, linakuja nyuma, ao haliji kabisa. Mu Marekani, wanganga wenyewe walisimamisha chama juu ya kujibu lile ulizo.

Ile kazi haipasue kifua. Munganga anatoboa kidogo kwenye mukono ao kwenye paja, anaingiza katiyo kembamba mu mushipa, na kukasukuma mpaka kwenye moyo huku anaangalia picha za radiografi kwenye ekra. Akikuta mushipa umezibwa, anaupanua kwa kapira kadogo, na mara nyingi anaacha pale kawavu ka chuma kanaitwa stenti.

Njia yenyewe ilifunguka kwa bahati. Mu 1958, kule Cleveland, Munganga Mason Sones alikuwa anapiga picha za moyo wa kijana wa miaka 26. Katiyo kakaponyoka, kakaingia mu mushipa wenye kulisha moyo, na dawa nyingi ya kupigia picha ikamwangika humo. Moyo ukasimama, kijana akakohoa, ukaanza tena. Kumbe ile mishipa midogo inaweza kupigwa picha bila kuua mutu! Mu 1977, kule Zürich, Andreas Grüntzig akapanua mushipa wa moyo kwa kapira kwa mara ya kwanza. Mwaka uliofuata, Sones na Melvin Judkins wakasimamisha chama chenye kuitwa SCAI.

Hiki chama hakipatie munganga ruhusa ya kufanya kazi. Mu Marekani mutihani unatolewa na baraza lingine, sawa vile hapa kwetu Ordre des Médecins ndiyo inaandika wanganga kwenye liste yake. Kazi ya SCAI ni kufundisha, na kuandika masharti: chumba kinapashwa kuwa na vyombo gani, munganga ajifunze nini, hatari ipimwe namna gani. Mu 2019 kiligawa hali ya mugonjwa mwenye moyo kushindwa kusukuma damu mu daraja tano, kutoka A mpaka E. Inaonekana kitu kidogo, lakini munganga wa usiku akisema mu telefone "mugonjwa ako kwa C", mwenzake wa hospitali ingine anaelewa palepale.

Ulizo nguvu zaidi ni hili: stenti inahitajika kweli? Mu 2007, uchunguzi wa COURAGE juu ya wagonjwa 2.287 wenye ugonjwa wa mishipa uliotulia ulionyesha kwamba kuongeza stenti juu ya dawa nzuri hakukupunguza vifo wala shambulio la moyo. Mu 2009, SCAI na mashirika mengine, pamoja na ya wapasuaji, wakaandika ni mugonjwa gani inamufaa na gani haimufae. Mutu mwenye shambulio la moyo lenyewe, kwake ni kukimbia: kila dakika sehemu ya moyo inakufa. Hapo hakuna kubishana.

Tusisahau kwamba wenye kuandika masharti ndio hao hao wanalipwa juu ya ile kazi, na kampuni zenye kutengeneza stenti zinasaidia mikutano yao. Ni vizuri kama wapasuaji nao wanakaa kwenye meza.

Mu Afrika ugonjwa wa kufikiria si mishipa peke yake. Rumatisma, yenye kuanza na koo la mutoto lisilotunzwa, inakaza valve za moyo za vijana. Tangu kazi ya Kanji Inoue wa Japani mu miaka ya 1980, valve ya namna ile inaweza kufunguliwa kwa kapira kupitia mushipa. Dar es Salaam, taasisi ya Jakaya Kikwete, yenye kusimamishwa mu 2015, inafanya kazi za katiyo.

Mbele ya kulipa, familia iulize: munganga amefanya kazi kama hii mara ngapi? Dawa peke yake haitoshi? Mupasuaji wa moyo ako karibu kama mambo yanaharibika? Na kama mugonjwa anawekewa stenti, atameza dawa za kuzuia damu kuganda kwa muda gani, na atazipata wapi akisharudi Bukavu, Bunia ao Kalemie? Kuziacha ghafula kunaweza kuziba stenti.