Chaja Haijui Umeichomekea Nini

Chukua betri mbili za magari ya rimoti, yale makubwa kidogo ambayo ni moja ya kumi ya gari halisi, uziweke mezani. Moja imeandikwa volti 7.2, nyingine volti 7.4. Urefu unakaribiana, zote zina waya mwekundu na mweusi, na pengine hata plagi ni ile ile nyeupe ya Tamiya. Anayezitazama kwa haraka atasema ni mtu na ndugu yake. Lakini ya kwanza ina seli sita za nikeli, kila seli volti 1.2, na ya pili ina seli mbili tu za litiamu polima, ambazo wenye mchezo huu huziita lipo, kila seli volti 3.7. Ukiichaji ya pili kwa taratibu za ya kwanza, unaweza kuunguza nyumba.

Tofauti inatokana na namna chaja inavyojua kwamba kazi imekwisha. Betri ya nikeli ikijaa, volti zake huacha kupanda, kisha hushuka kidogo sana, na chaja hungoja mteremko huo ndipo ikate. Litiamu haina mteremko. Ukizidi kuisukumia umeme, volti nazo huzidi kupanda, kwa hiyo chaja iliyowekwa kwenye nikeli itangoja ishara ambayo haiji, huku seli ikipita volti 4.2, ambao ndio mpaka wake. Ikizidi sana, upande chanya wa seli huanza kuvunjika na kuachia oksijeni, na hayo yanatokea ndani ya mfuko wenye kimiminika kinachoshika moto upesi. Joto linazaa joto zaidi, na likishaanza, kuzima chaja hakulirudishi nyuma.

Chaja nyingi za mezani hukutaka uchague aina ya betri, idadi ya seli na kiasi cha ampea. Kwenye zile za bei nafuu zinazopatikana kila mahali, ukibonyeza kitufe cha kuanza na kukishikilia, skrini huonyesha herufi R na S kabla umeme haujaanza kwenda. R ni idadi ya seli ambazo chaja imezihesabu yenyewe, S ni idadi uliyoiwekea wewe. Namba zikitofautiana, usithibitishe. Ama umechagua vibaya, ama ndani ya betri kuna seli iliyokufa. Ila aina ya kemikali chaja haiwezi kuikisia. Hilo ni juu yako.

Wengi hujali volti za betri nzima na kusahau kwamba kinachoungua ni seli. Betri ya seli mbili ikijaa huonyesha volti 8.4, nawe ukaridhika. Lakini 8.4 inaweza kuwa 4.2 na 4.2, na inaweza pia kuwa 4.35 na 4.05. Kwa kuwa seli zimepangwa mfululizo, mkondo unaopita kwenye moja ndio unaopita kwenye nyingine: ni ndoo mbili zinazotiliwa maji kwa kasi moja, na ile iliyokuwa nayo mengi itafurika kwanza. Kwa ajili hiyo betri ya lipo ina kile kiplagi cheupe cha pembeni chenye nyaya nyembamba, tatu kwa betri ya seli mbili, nne kwa ya seli tatu. Kupitia humo chaja hupima kila seli peke yake na kuipunguzia iliyotangulia. Ni vinyaya vinavyokera, hukatika, na wapo wanaoviacha vikining'inia ili wamalize haraka. Kwa maoni yangu, chaja ya lipo isiyo na tundu la kiplagi hicho haifai kununuliwa hata kwa bei ya kutupa.

Sasa ampea. Kanuni ni kuchaji kwa kiasi kilicho sawa na ujazo wa betri: betri ya mAh 5000 ni ampea-saa 5, basi ichaji kwa ampea 5. Chaja ya wati 50 inatosha, maana 5 mara 8.4 ni wati 42. Mtego uko kwenye lebo. Pale mbele pameandikwa kwa maandishi manono 50C au 100C, na mtu hudhani ndiyo kasi ya kuchaji. Hiyo ni kasi ya kutoa umeme, gari linapokimbia. Kasi ya kuchaji, kama mtengenezaji ameitaja, imo kwenye yale maandishi madogo ya nyuma. Usipoiona, baki kwenye ampea 5 zako. Itachukua saa moja na ushei, kwa sababu kuelekea mwisho chaja hushikilia volti na kuacha mkondo upungue wenyewe. Haijaharibika, iache imalize.

Waya wa kuchajia una vichwa viwili vya shaba vilivyo wazi upande wa chaja. Vichomeke kwenye chaja kwanza, ndipo uunganishe betri. Wakati wa kutoa, anza na betri. Ukigeuza mpangilio huo, vichwa vikagusana huku betri imeshaungwa, ni shoti ya mamia ya ampea mkononi mwako.

Betri iliyotoka kwenye mbio za jua la mchana huwa na joto, na lipo haitakiwi kuchajiwa ikiwa imepita nyuzi 45. Iache kivulini mpaka ukiigusa usihisi tofauti na meza iliyo chini yake. Kisha ichaji juu ya sakafu ya saruji au kigae, mbali na pazia, godoro na kochi, nawe uwepo. Sufuria kuukuu lenye mchanga chini linafaa kabisa. Usichaji usiku ukalala.

Ikiwa hutacheza kwa siku kadhaa, tumia programu ya kuhifadhi, ile inayoiacha kila seli kwenye volti 3.8 hivi. Lipo iliyojaa ikikaa wiki nyingi kwenye chumba cha bati chenye joto huzalisha gesi na kuvimba. Zenye ganda gumu huficha uvimbe huo, hivyo ilaze juu ya kioo cha meza: ikiyumba, au ganda likiwa limeanza kuachana kwenye maungio, haichajiwi tena. Vivyo hivyo iliyoshushwa chini sana ya volti 3 kwa seli. Wapo mafundi wanaoifufua kwa kuipitisha kwanza kwenye programu ya nikeli ili chaja iikubali. Itafufuka kweli. Lakini betri ikinyonywa kupita kiasi, shaba iliyo upande hasi huanza kuyeyuka ndani ya kimiminika, na ukiichaji tena shaba hiyo huganda mahali isipotakiwa na kuweza kufanya shoti ya ndani kwa ndani.

Ikishika moto, kata umeme ukutani ikiwa unafikika, toa watu nje na usivute moshi wake, una sumu. Umeme ukishakatwa, maji mengi yanafaa, kwani kinachotakiwa ni kupooza. Onyo la kutomwagia litiamu maji linahusu zaidi madini yenyewe, na betri hizi zikiwa katika hali ya kawaida hazina donge la litiamu ndani. Poda ya kizimamoto hufukuza mwali bila kuondoa joto, na moto unaweza kurudi.

Betri mbovu ambayo haijatoboka imalize umeme kabla ya kuitupa. Ipeleke nje, juu ya mchanga, uiunge na balbu ya indiketa ya gari, ya volti 12 na wati 21, uiache hadi izimike, kisha uiache imeungwa hivyo hivyo hadi kesho yake. Kata nyaya moja baada ya nyingine, kila ncha uifunge kwa utepe wa umeme, uipeleke kwa wanaokusanya taka za kielektroniki. Usizikate nyaya zote mbili kwa koleo kwa mkato mmoja, hata kama unaamini haina kitu.