Dhamana ya Gari la Umeme Huishia Mpakani

Gari la umeme halitambui mpaka. Likivuka Malaba au Gatuna, magurudumu huendelea kuzunguka kama kawaida. Lakini hati ya dhamana aliyonayo mwenye gari yaweza kuwa imekwisha nguvu.

Jambo lenyewe hasa ni betri, ambayo ndiyo kiungo cha thamani kubwa kuliko vyote garini. Viwanda vingi huidhamini kwa miaka 8 au kilometa 160,000. Hata hivyo, ahadi hiyo kwa kawaida huhusu tu nchi au eneo lililotajwa katika hati. Gari lililotumika Japani likiletwa kwetu, aghalabu mnunuzi hupokea gari, hapokei ahadi.

Bima imekwisha tangulia. Tangu 1987, Kadi ya Njano ya COMESA humkinga dereva dhidi ya madai ya watu aliowadhuru katika nchi jirani. Hata Tanzania, isiyo mwanachama wa COMESA, imo. Huko Ulaya, dhamana ya kiwanda iliyotolewa katika nchi moja ya Umoja huheshimiwa katika nchi wenzake.

Hatuoni sababu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, yenye umoja wa forodha tangu 2005, kutodai vivyo hivyo. Wakati tukingojea, twawasihi wananchi: kabla ya kulipa, mwambieni muuzaji awaandikie ni nchi zipi zimo katika dhamana, na fundi aliyeidhinishwa yuko wapi. Akiba ya miaka mingi isipotee kwa mstari mmoja usiosomwa.