Kubeti Mbio za Pikipiki: Hesabu Isiyoandikwa Kwenye Mkeka

Kijana anayeendesha bodaboda Nuu, kaunti ya Kitui, anaijua pikipiki kwa mwili wake. Anajua Boxer iliyopakiwa magunia ya ndengu inavyokataa kona kwenye kokoto, anajua mchanga wa mto mkavu unavyolimeza gurudumu la mbele, na injini ikibadilisha sauti yeye hutambua kabla ya fundi. Akifungua simu na kukuta mbio za MotoGP zimepangwa chini ya mechi za Ligi Kuu ya Uingereza, ni rahisi aamini kwamba sasa amepata uwanja wake. Soka kila mtu anajifanya mjuzi. Pikipiki ndiyo kazi yake.

Ujuzi huo ni wa kweli na nauheshimu. Tatizo ni kwamba anayepanga bei za kamari hashindani nawe katika kuijua pikipiki. Anashindana nawe katika hesabu, tena hesabu aliyoifanya wewe ukiwa bado barabarani na abiria. Kwa hiyo tuanze na hesabu, pikipiki zitafuata.

Odi ni bei. Ukitaka kujua bei hiyo inasema nini, gawanya 100 kwa odi. Odi 2.00 inasema mwendeshaji ana nafasi 50 katika 100 za kushinda, odi 4.00 inasema 25. Sasa chukua mfano wa mbio zenye waendeshaji 22. Anayependelewa amepewa 2.00, wa pili 4.00, wa tatu 6.00, kisha 10, 15 na 20, na wale 16 waliobaki kila mmoja 100. Gawanya kila odi, kisha jumlisha. Utapata takriban 129. Lakini mshindi ni mmoja tu, na nafasi zote zikijumlishwa haziwezi kuzidi 100. Hizo 29 za ziada ndizo ulaji wa kampuni. Watu wakigawa madau yao kwa kufuata bei hizo, katika kila shilingi 100 zinazoingia, takriban 77 hurudi kwa washindi na 23 hubaki kwa kampuni kabla mtu hajashika breki.

Mkulima wa Kitui anaifahamu hila hii. Ni gorogoro la dalali lililogongwa likatanuka: bei ya gorogoro ni ileile, ila ndengu zinazoingia ndani ni nyingi zaidi. Katika mechi kubwa ya soka, yenye matokeo matatu tu, jumla hiyo mara nyingi haifiki 110. Mbio zina washiriki wengi, na kwa kila jina kampuni huongeza kidogo. Ndiyo sababu kumtabiri mshindi wa mbio za pikipiki huwa ghali kuliko kutabiri mechi, hata kwa anayeijua pikipiki.

Halafu kuna kodi. Tangu Julai 1, 2025, chini ya Sheria ya Fedha ya Kenya ya mwaka huo, asilimia 5 hukatwa unapoweka pesa kwenye akaunti ya kamari na asilimia 5 nyingine unapozitoa. Weka shilingi 1,000 na utabaki na 950. Zibeti zote kwa odi 2.00, ushinde, upate 1,900. Zitoe, na zitakatwa 95. Mkononi utashika 1,805, kabla ya gharama za M-Pesa. Odi iliyoandikwa 2.00 imekulipa 1.805, maana yake ni kwamba ili usipate hasara unatakiwa ushinde zaidi ya mara 55 katika kila 100. Na makato ya kutoa hayaulizi kama pesa hizo ni faida au ni zile ulizoweka mwenyewe.

Wengi hukimbilia jibu lililo karibu: basi nitamfuata anayeshinda kila wiki. Tulipime kwa msimu wa 2025, kwa sababu sidhani tutapata mfano mzuri zaidi. Marc Márquez wa Uhispania, akiwa kwenye Ducati, alitawala mwaka huo mpaka akatwaa ubingwa Motegi, Japani, Septemba 28, zikiwa zimebaki raundi tano. Alishinda mbio kuu 11. Lakini alishiriki raundi 18, kwa kuwa wiki iliyofuata, kule Mandalika, Indonesia, aligongana na Marco Bezzecchi katika mzunguko wa kwanza, bega lake la kulia likaumia na hakurudi msimu huo. Tuseme ulimwekea shilingi 100 kila Jumapili kwa odi 1.30. Ungetumia 1,800 na kulipwa 1,430. Umemfuata bingwa katika mwaka wa ubingwa wake, umepatia mara 11 kati ya 18, na bado umepoteza shilingi 370 bila kuhesabu kodi. Ili usiwe na hasara wala faida, odi zake zingepaswa kuwa wastani wa 1.64. Bingwa wa namna hiyo huuzwa kwa bei ya chini, kwa kuwa kila mtu anamtaka.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaofundisha kwamba siri ya kubeti ni kumjua mshindi. Kinachotakiwa ni kujua bei ikiwa imekosewa, na hilo ni gumu zaidi. Kabla ya kufungua programu ya kamari, andika kwenye daftari makadirio yako mwenyewe: huyu ana nafasi ngapi katika 100. Kisha ndipo utazame odi. Makadirio yako yasipoipita bei kwa kiasi kinachotosha kulipa kodi, hakuna biashara wikendi hiyo, funga simu. Fanya hivyo msimu mzima bila kuweka hata shilingi, na daftari litakuambia kama una kipawa au una hamu tu.

Ukiamua kukadiria, ratiba ya wikendi ina mengi ya kukufundisha. Ijumaa ni mazoezi. Jumamosi asubuhi ni mchujo unaopanga nafasi za kuanzia, watatu katika kila safu, na anayeanza nyuma hulazimika kupita katika msongamano wa kona ya kwanza. Tangu 2023 kuna pia mbio fupi za Jumamosi, nusu ya umbali wa Jumapili, zenye pointi 12 kwa mshindi badala ya 25. Mbio hizo ni mbili tofauti. Anayewaka mapema kisha akamaliza tairi huonekana shujaa Jumamosi na kushuka Jumapili. Mbio kuu za Ulaya kwa kawaida huanza Jumapili saa tisa alasiri kwa saa zetu, kwa hiyo anayebeti Alhamisi anauziwa kitu ambacho angeweza kukikagua kwanza.

Mvua ndiyo inayovuruga kila kitu. Agosti 2021, kule Spielberg, Austria, ilianza kunyesha mizunguko ikiwa imebaki michache. Waliokuwa mbele, kina Márquez na Bagnaia, waliingia kubadilisha pikipiki, wachukue zenye tairi za mvua. Brad Binder wa Afrika Kusini alibaki nje na tairi za lami kavu, akavumilia utelezi, akashinda. Boda wa Nuu aliyewahi kushuka mteremko wa udongo mvua ikinyesha anaelewa ushujaa huo kuliko mimi. Lakini kuuelewa ni jambo moja, kuutabiri siku tatu kabla ni jingine. Na si mvua tu inayovuruga. Mwaka 2006, Valencia, Uhispania, Troy Bayliss aliitwa kujaza nafasi ya mwendeshaji aliyeumia, akashinda. Siku hiyohiyo Valentino Rossi alianguka na kupoteza ubingwa kwa Nicky Hayden kwa pointi tano.

Hata mbio zikiisha, mkeka wako huenda haujaisha. Aprili 2025 nchini Qatar, Maverick Viñales alivuka mstari akiwa wa pili. Baadaye ikabainika kwamba upepo wa tairi yake ulikuwa chini ya kiwango kinachoruhusiwa, akaongezewa sekunde 16 na kushuka hadi nafasi ya 14. Kampuni nyingine hulipa kwa matokeo ya jukwaani, nyingine kwa matokeo rasmi baada ya adhabu. Kanuni hizo zimeandikwa, na ni jukumu lako kuzisoma kabla ya kuweka dau. Soma pia inakuwaje mwendeshaji akijitoa kabla ya kuanza.

Kuhusu aina ya dau, nina upendeleo ulio wazi: ana kwa ana. Hapo unaulizwa tu nani kati ya wawili atamaliza mbele ya mwenzake. Wakiwa wamelingana, kampuni huenda ikawapa 1.85 kila mmoja. Jumla yake ni 108, gorogoro lililotanuka kidogo tu. Hapa pia ndipo ujuzi wako wa tairi na mwendo unaweza kuwa na thamani fulani. Lakini usifunge tano za namna hiyo katika mkeka mmoja. Nafasi ya kupatia zote tano ni 1 katika 32, kwa hiyo malipo ya haki kwa shilingi 50 ni 1,600. Kampuni itakulipa 1,083. Ulaji uliokuwa mdogo umeongezeka mara kadhaa, na mkeka umechanika kwa sababu ya mtu mmoja aliyeteleza.

Zile mbio za bandia zinazochorwa na kompyuta kila baada ya dakika chache, ziache kabisa. Hazina tairi, hazina mvua wala mwendeshaji. Matokeo huchaguliwa na programu, na ujuzi wako wote wa barabara ya Mwingi hauna kazi pale.

Linaloniuma zaidi ni chanzo cha pesa zenyewe. Waendeshaji wengi wa boda wanalipia pikipiki kwa mkopo wa kila siku au kila wiki, na marejesho yakikwama pikipiki huchukuliwa. Kwa hiyo mkopo, mafuta, oili na chakula cha nyumbani vitengwe kwanza. Mkopo wa Fuliza wa kwenye simu usiguswe kwa ajili ya dau, maana hapo unalipa ada ya kukopa juu ya kodi na juu ya ulaji wa kampuni. Kinachobaki, kikiwa ni kiasi ambacho kikipotea hutakitafuta, ndicho cha burudani. Weka dau moja, baada ya mchujo wa Jumamosi, na lisiongezwe ili kurudisha lililopotea.

Kwa viongozi wa vyama vya bodaboda Nuu na Mwingi Kati, naomba hesabu ya hizo mbio 18 za Márquez ifundishwe kwenye mkutano kama mnavyofundisha kuvaa helmeti. Na kwa aliyekwisha kubeti pesa za mkopo na hawezi kuacha: piga 1199, namba ya bure ya Msalaba Mwekundu wa Kenya, uongee na mshauri.