Fahali Mzuri, Mbegu Chafu

Mfugaji anaye fahali wa kupendeza: shingo nene, manyoya yang'aa, mwendo wa kifalme. Majirani humletea mitamba wao. Siku ishirini na moja zapita, mitamba warudi kutaka fahali tena. Zapita nyingine, hali ni ile ile. Mmoja aliyeshika mimba aiharibu kabla ya wakati wake. Mwenyewe akata tamaa, awauza kwa hasara akisema: «Hawa ni tasa.» Kumbe mkosaji yumo zizini, ala majani kwa raha. Kikulacho ki nguoni mwako.

Msomaji mpendwa, yuko kijidudu ambaye wataalamu humwita Campylobacter fetus. Hukaa katika mikunjo ya ngozi ya uume wa fahali, hasa fahali mwenye umri mkubwa. Fahali haumwi, hakondi, wala haonyeshi dalili yoyote. Lakini akimpanda jike, kijidudu huingia katika mji wa mimba, na mtoto aliyeanza kuumbika hufa. Hivyo maziwa yapungua nyumbani, na ndama aliyetumainiwa kulipa karo ya shule haonekani.

Ili kuepa magonjwa ya namna hii, watu walijifunza kumtia ng'ombe mbegu kwa mrija, bila fahali kumgusa. Huko Kenya, kituo cha Kabete karibu na Nairobi kilianzishwa mwaka 1946, na kuzuia magonjwa ya uzazi ilikuwa mojawapo ya sababu zake. Fahali wa kituo hupimwa kwanza. Aliye na ugonjwa hakubaliwi.

Lakini je, mbegu ikiwa mrijani, yatosha kuiamini? Hapa yafaa tumkumbuke padri mmoja wa Italia, Lazzaro Spallanzani, aliyezaliwa mwaka 1729. Mwaka 1780 alimtia mbwa jike mbegu kwa bomba. Siku 62 baadaye mbwa akazaa watoto watatu. Huo ndio mwanzo wa kazi tunayoizungumza. Lakini miaka kumi na mitano kabla yake, mtu huyo huyo alikuwa ametoa fundisho jingine. Wakati ule wengi walidhani kwamba vijidudu huzaliwa vyenyewe ndani ya mchuzi. Yeye aliuchemsha mchuzi muda mrefu katika chupa zilizozibwa kabisa, na hakuna kijidudu kilichotokea. Basi vijidudu vya mchuzi havikuzaliwa humo: viliingia kutoka nje.

Mafundisho hayo mawili ni ndugu. Hata fahali asiye na ugonjwa aweza kutoa mbegu chafu, kwa kuwa uchafu huipata njiani: samadi iliyoganda tumboni, nywele ndefu za ncha ya ala, vumbi, mkono usionawa, chombo kisichochemshwa, maji yasiyo safi. Vijidudu hivyo hula chakula cha mbegu, huiharibu kwa sumu yao, na vingine huwasha mji wa mimba wa jike.

Tena fikirini hesabu. Mbegu ya fahali itolewayo mara moja yaweza kugawanywa katika mirija mamia kadhaa. Mkono mmoja mchafu asubuhi moja, na uchafu wake wasafiri hadi mazizi mamia.

Katika miaka ya 1940 wataalamu wa Marekani walianza kutia penisilini na streptomisini katika mbegu, na faida ikaonekana. Mwaka 1949 Waingereza Polge, Smith na Parkes walitangaza kwamba gliserini huilinda mbegu isife katika baridi kali. Siku hizi huhifadhiwa katika nitrojeni ya majimaji, nyuzi 196 chini ya sifuri. Lakini baridi ile ile iihifadhiyo mbegu huhifadhi vijidudu vingi pia. Nayo dawa ina mipaka: haiondoi sumu iliyokwisha kutolewa, haiui virusi, na vijidudu vingine, kama Pseudomonas apendaye kukaa majini, huishinda mara nyingi. Dawa ni mlinzi wa usiku. Haikuwekwa ili sisi tuache mlango wazi.

Kwa hiyo kituoni nywele za ala hupunguzwa, fahali huoshwa na kukaushwa, na kila safari ya kupokea mbegu hutumiwa chombo kilichotakaswa upya. Bwana mifugo afikapo kwenu, mtazameni vema. Je, amevaa glavu safi? Amempangusa ng'ombe sehemu ya uzazi kwa karatasi kavu, mpaka uchafu wote ukatoka? Mrija ameukausha kabla ya kuukata? Bomba lake lina ala mpya? Mpeni maji safi na sabuni, mfungeni ng'ombe mahali pasipo matope. Wala msione haya kuuliza. Aijuaye kazi yake hachukii swali.

Na ng'ombe akirudi kutaka fahali mara kwa mara, msikimbilie kumwuza. Mpimeni yeye, na fahali aliyempanda apimwe pia. Mara nyingi jike hulaumiwa kwa kosa lililoletwa na mwingine.