Mapumziko ya Mfanyakazi: Siku na Mahali



Mara nyingi tunapozungumza juu ya likizo katika mikutano ya chama, tunahesabu siku tu. Lakini mfanyakazi aliyepewa siku bila kuwa na mahali pa kwenda na watoto wake hubaki katika chumba kile kile, akiusikiliza mlio wa king'ora cha kiwanda. Kupumzika kunataka vitu viwili: siku na mahali. Safari hii tunaeleza jinsi wananchi wa Oregon, jimbo la Marekani lililoko kando ya Bahari ya Pasifiki, walivyopata mahali, na jambo ambalo bado hawajalipata.

Pwani ya mvua

Pwani ya Oregon ina urefu wa kilomita 580 hivi. Kwa kawaida mvua yake hupita milimita 1,500 kwa mwaka, na nyingi hunyesha kati ya Oktoba na Machi. Kwa miaka mingi wakazi wake wengi waliishi kwa kukata magogo, kupasua mbao na kuvua samaki. Hoteli ni ghali kwa mtu mwenye watoto, kwa hiyo familia nyingi hubeba hema, blanketi na sufuria, zikaenda kupiga kambi karibu na mito, maziwa na bahari.

Ufuko ulivyookolewa

Mwaka 1913, wakati wa Gavana Oswald West, sheria iliutangaza ufuko kuwa barabara kuu ya umma. Barabara ya umma haiuzwi kwa tajiri. Lakini sheria hiyo ilihusu mchanga unaolowa tu, yaani ule unaofunikwa maji yakijaa na kuachwa wazi yakipwa. Mchanga mkavu ulio juu yake, ambapo watu huketi na watoto hucheza, haukutajwa.

Mwaka 1966 mwenye hoteli mmoja katika mji wa Cannon Beach alizungushia uzio sehemu ya mchanga mkavu, akasema ni kwa wageni wake tu. Wananchi walilalamika, na bunge la jimbo likapokea barua nyingi. Mwaka 1967 Gavana Tom McCall alitia sahihi sheria ya kulinda haki ya umma kuutumia mchanga mkavu mpaka pale majani yanapoanzia. Shauri la uzio lilifika mahakama ya juu kabisa ya jimbo. Mwaka 1969 mahakama hiyo iliamua kwamba watu walikuwa wameutumia mchanga ule tangu zamani bila kuzuiwa, na desturi hiyo imekuwa haki.

Tulitie jambo hili moyoni. Haki ile ilithibitika kwa sababu watu waliitumia, na ilipoguswa hawakunyamaza.

Kambi zilizojengwa na vijana wasio na kazi

Kusini ya mji wa Florence ipo hifadhi ya Honeyman, yenye vilima vya mchanga na maziwa mawili ya maji baridi, Cleawox na Woahink. Majengo yake ya kale ya mawe na magogo yalijengwa katika miaka ya 1930 na vijana wa kikosi cha serikali kilichoundwa mwaka 1933, wakati mamilioni ya watu walipokosa kazi. Kijana alilipwa dola 30 kwa mwezi, na kwa kawaida dola 25 zilipelekwa kwa wazazi wake. Leo familia hulipa ada ya usiku kwa nafasi ya hema.

Kukaa salama

Mambo yafuatayo yanafaa kujulikana na kila mtu anayelala kando ya maji, huko na kwetu pia.

Kwanza, hema lisimamishwe mahali palipoinuka. Turubai la chini lisitokeze nje ya hema, maana litakinga maji ya mvua na kuyaingiza ndani.

Pili, jiko la mkaa lisiingizwe hemani hata mvua ikinyesha namna gani. Hewa yake ya sumu haina harufu, nayo huua watu wakiwa usingizini.

Tatu, usilale katika mchanga ulio ndani ya mkondo wa mto. Mvua ikinyesha milimani mto hufurika usiku, ingawa juu yako mbingu ni safi.

Nne, jihadhari na bahari. Maji ya Oregon ni baridi hata wakati wa joto, na wimbi kubwa huweza kuja ghafula baada ya madogo mengi. Magogo yaliyotupwa ufukoni si mahali pa watoto kucheza: maji kidogo tu huweza kulibingirisha gogo kubwa na kumponda mtu.

Siku bado

Basi mahali walipata. Lakini mpaka leo Marekani haina sheria ya taifa inayomlazimu mwajiri binafsi kutoa likizo ya malipo. Mfanyakazi hupata siku zile alizokubaliana na mwajiri au zilizopiganiwa na chama chake. Asiye na chama aweza kuwa na ufuko wa bure na asiwe na wiki moja ya kuutembelea. Shirika la Kazi la Kimataifa, katika mkataba wake namba 132 wa mwaka 1970, lilisema likizo ya mwaka isipungue wiki tatu za kazi.

Kwa hiyo mkutano wa tawi ukijadili likizo, tusiishie kwenye hesabu ya siku. Tuulize pia: ni ukingo gani wa mto, ni ufuko gani wa ziwa au bahari karibu nasi ambao bado uko wazi kwa watu wote? Tuutumie, tuutunze, na tuuandike katika madai yetu kabla uzio haujafika.