Kadi ya mkopo yenye zawadi: Piga hesabu kabla ya kujaza fomu

Benki kadhaa nchini hutoa kadi za mkopo zinazomtuza mteja kila anaponunua kitu. Baadhi hutoa pointi, nyingine hurudisha sehemu ya pesa, na nyingine hutoa maili za safari za ndege. Kadi inayokufaa ni ile inayolingana na matumizi uliyo nayo tayari.

Kwanza, chunguza matumizi yako ya miezi mitatu iliyopita. Unaweza kuomba taarifa ya M-PESA kupitia *334#. Weka alama kwenye malipo ya mahali panapopokea kadi, kama vile supamaketi, kituo cha petroli na hospitali. Mboga za sokoni, nauli ya matatu na bodaboda usizihesabu, kwa sababu huko hulipi kwa kadi, hivyo hupati pointi.

Pili, linganisha zawadi na ada. Tuseme kadi inarudisha asilimia 1 na ada yake ni Sh3,500 kwa mwaka. Mkazi anayelipa Sh10,000 kwa kadi kila mwezi atarudishiwa Sh1,200 kwa mwaka, yaani hasara ya Sh2,300. Ili kufidia ada pekee, anahitaji kutumia takriban Sh29,200 kila mwezi. Huyu atafaidika zaidi na kadi isiyo na ada, hata kama zawadi yake ni ndogo.

Tatu, chagua aina ya zawadi. Maili humfaa anayesafiri kwa ndege mara kwa mara. Mwenye familia anayenunua chakula na petroli atanufaika zaidi na kadi inayorudisha pesa. Uliza pia pointi huisha muda baada ya miezi mingapi.

Jambo kubwa zaidi ni riba. Ukinunua vitu vya Sh20,000, asilimia 1 ni Sh200. Deni hilo likibaki mwezi mmoja kwa riba ya asilimia 3, utatozwa Sh600. Kutoa pesa taslimu kwa kadi hiyo kwenye ATM pia hutozwa ada, na kwa kawaida riba huanza kuhesabiwa siku hiyo hiyo. Usipolipa, jina lako linaweza kuwasilishwa kwa CRB, na kupata mkopo mwingine kukawa vigumu.

Ikiwa mapato yako hayawezi kulipa deni lote kila mwezi, usichukue kadi hiyo kwa ajili ya zawadi. Mali bila daftari hupotea bila habari.