Sherehe ya Ofisi na Safari ya Kurudi Mbagala

Mpango wa sherehe ya kufunga mwaka ofisini hupendeza ukiwa kwenye karatasi: mshereheshaji, ndafu, keki, tisheti za rangi moja, hotuba ya mkurugenzi, muziki mpaka saa nne usiku. Kisichoandikwa ni namna ya kurudi nyumbani. Anayeishi Chamazi, upande wa Mbagala, akialikwa ukumbini Mbezi Beach analikata jiji lote la Dar es Salaam, kisha usiku daladala zimepungua na bodaboda anataja nauli isiyolipika. Ndiyo maana ikigonga saa kumi na mbili jioni wanaoishi mbali wanaanza kuaga, akina mama wenye watoto wadogo wakitangulia, na hotuba bado. Kamati ya maandalizi huwalaumu kwamba hawana mwamko. Lawama hiyo inaniudhi, kwa kuwa walioondoka wamepiga hesabu ambayo kamati haikuipiga.

Gharama za sherehe ziliwahi kuhojiwa kitaifa: Novemba 2015 Rais John Magufuli alifuta sherehe za Uhuru za tarehe 9 Desemba. Kipindupindu kilikuwa kinaua watu, akaagiza siku hiyo iwe ya usafi. Shilingi bilioni 4 za maandalizi zikaelekezwa kupanua barabara ya Mwenge hadi Morocco, Kinondoni. Mwezi huohuo alizuia pia kadi za Krismasi na Mwaka Mpya kuchapishwa kwa fedha za umma. Sisemi ofisi nazo zifute sherehe. Watu waliotoka jasho mwaka mzima wanastahili kula na kucheka pamoja. Lakini swali lililoulizwa mwaka ule, fedha hii inamfikia nani, kila kamati inapaswa kuliuliza.

Likiulizwa kwa dhati, bajeti hubadilika. Sherehe inawekwa Ijumaa baada ya swala, ndani ya saa za kazi, hata uani pa ofisi. Fedha ya ukumbi inakodi Coaster mbili, moja ya Mbagala, nyingine ya Tegeta. Chakula hakinipi shaka: mbuzi huchinjwa na Muislamu, na watu wa dini zote hula sufuria moja.

Wanaosahaulika ni wafagizi na walinzi walioajiriwa na kampuni za wakala. Wao hupanga viti na kufungua geti, ila kwa kuwa hawamo kwenye orodha ya mishahara, hawamo kwenye orodha ya sahani pia. Majina yao yaandikwe kabla mshereheshaji hajapigiwa simu, na mlinzi wa zamu ya usiku atengewe chakula mapema.